Chui wa Mwantumu

Kabla Raheli hajafika Kwedigogo, mkoba mzuri ulikuwa mkoba wa Mwantumu, na hapakuwa na mtu wa kubisha. Bibi harusi aliingia nyumbani kwa mumewe na mkoba uliosukwa na Mwantumu begani. Mjumbe akiitwa mkutanoni Handeni, makaratasi yake yalikaa ndani ya mkoba wa Mwantumu. Na mwaka ule watu walipohamishwa kutoka vitongojini wakaja kukaa pamoja kando ya barabara, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Mkata, akina mama wakaambiwa waunde kikundi cha kazi za mikono, hawakupiga kura. Walimgeukia tu, naye akakubali kwa sauti ya mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mrefu, mkavu wa mwili na wa maneno, mke wa Isihaka wa mgambo. Kusuka ukindu alifundishwa na mama yake, ambaye naye alifundishwa na mama yake, na pamoja na kusuka akarithi nakshi sita. Kila moja ilikuwa na jina lake la Kizigua. Mwantumu alizijua hata akifumba macho, na maishani mwake hakuwahi kufikiri kwamba pangeweza kuwa na ya saba.

Raheli alikuja baada ya vuli ya mwaka 1975. Mumewe Kaleb, seremala Mshambaa, aliletwa kutengeneza milango na madawati ya shule mpya. Walitokea Mazinde, kwenye mashamba ya mkonge, na mzigo mkubwa kuliko yote waliyoshusha ulikuwa gunia la singa, zile nyuzi nyeupe za mkonge, ndefu, zinazong'aa kama mvi zilizopakwa mafuta. Raheli alikuwa bado kijana, hajafika miaka thelathini, mpole, mwenye kumwamkia kila mtu. Ila alikuwa na tabia moja iliyowachekesha wenzake: kusimama njiani. Mnakwenda naye mtoni, mara humwoni. Mkirudi na ndoo kichwani mnamkuta palepale alipobaki, ameinama, anaangalia kitu ambacho ukikitazama wewe ni jani tu.

Wiki ya tatu alileta kikundini mkanda. Ulikuwa wa singa zilizotiwa weusi kwa mizizi ya mdaa, na katikati ya weusi ule aliachia vidoa vyeupe, vingine vikubwa, vingine vidogo, vimepangana kama vile havikupangwa na mtu. Hakueleza chochote. Lakini Chausiku, mwanamke mnene aliyependa kucheka, aliushika tu akasema, "Huyu si kanga huyu?" Na kweli alikuwa kanga. Hapakuwa na kichwa wala mbawa, lakini ndege mwenyewe alikuwamo. Ungedhani ukiuachia mkanda utakimbilia kichakani.

Mwantumu aliupokea akaugeuza upande wa ndani kutafuta fundo baya. Alilipata moja. Akalionyesha, akasema pia kwamba kazi ya singa haidumu, ikinyeshewa inaoza. Raheli akamshukuru, akalifumua lile fundo mbele yake na kulifunga upya. Hilo ndilo lililomuudhi Mwantumu zaidi, kwamba hakubishiwa.

Masika yalipoanza na majongoo yakajaa njiani, Raheli alitengeneza bangili zilizojikunja, pete nyeusi na pete ya hudhurungi, pete nyeusi na pete ya hudhurungi, na wasichana waliokuwa wakiyaruka majongoo kwa kelele wakawa wanagombania kuyavaa mikononi. Binti wa Athuman alipoolewa, mkoba aliobeba ulikuwa wa Raheli. Mwantumu alikwenda arusini, akapika, akala, akacheza ngoma pamoja na wenzake, na muda wote jicho lake lilikuwa kwenye bega la bibi harusi.

Hakuwa mtu wa kuonea wivu mali. Dada yake wa Chanika alikuwa na nyumba ya bati na redio, na Mwantumu alimwombea heri kwa moyo safi. Huu ulikuwa wivu wa namna nyingine, wala hakuwa na jina la kuupa. Aliyaonea wivu macho ya yule mwanamke. Angekuwa na singa nzuri zaidi, au vidole vyepesi zaidi, Mwantumu angejua la kufanya. Lakini walipita njia moja, wakateka maji mto mmoja, na mwenzake akarudi na kitu ambacho yeye hakukiona. Aliona kama anaibiwa mchana kweupe, na mwizi hagusi kitu chake.

Siku moja akamfuata. Raheli aliaga kwamba anakwenda kutafuta mizizi ya mdaa, naye Mwantumu akachukua kamba kama mtu anayekwenda kuni, akamwacha atangulie. Alimkuta ng'ambo ya mto, chini ya mwamba uliotokeza, mahali ambapo mvua haifiki na mchanga ni mkavu mwaka mzima. Raheli alikuwa amelala kifudifudi, kidevu juu ya mikono, kama mtoto. Hakusogea. Mwantumu alisimama nyuma ya kichaka mpaka miguu ikamfa ganzi, ndipo Raheli alipoinuka, akajikung'uta, akaondoka huku akitabasamu peke yake.

Mwantumu akatoka kichakani, akaenda palepale, akalala naye kifudifudi. Aliona mchanga. Akageuza kichwa huku na huku. Kulikuwa na vishimo vidogo vidogo vya wadudu, vile ambavyo watoto huvichokoa kwa kijiti, na sisimizi kadhaa waliokuwa wakienda zao. Basi. Alikaa hapo akiwa na hasira ya mtu aliyeitwa karamuni akakuta vyungu vitupu.

Baada ya siku kumi Raheli alileta mkoba mpya. Haukuwa na rangi zaidi ya ile ya singa yenyewe, nyeupe na kijivu, lakini uliwafanya wanawake waache kusuka. Ulikuwa na duara ndani ya duara, zikididimia kuelekea katikati, hata ukiutazama kwa mbali ulidhani umetobolewa. Mwantumu alivijua vile vishimo. Alikuwa amelala juu yake.

Wiki ileile akaja Bi Agripina, afisa maendeleo kutoka Korogwe, kuchagua vitu vya maonyesho ya Sabasaba. Mwaka ule maonyesho yangefanyika Korogwe na vijiji vya wilaya zote mbili, Korogwe na Handeni, vilialikwa. Alipita kwenye mikoba ya Mwantumu akisema nzuri, nzuri sana, kama anavyosifiwa mtoto wa jirani. Alipofika kwenye ule wa Raheli alichomeka kidole katikati ya duara kuona kama kitazama. Akaamua kwamba huo ndio utakaowekwa mbele, na kwamba vitengenezwe vingine vya kufanana nao, mikoba minane na mikanda kumi na miwili. Raheli awafundishe wenzake. "Na Mama Tatu atamsaidia," akaongeza, maana Mwantumu alijulikana kwa jina la binti yake.

Atamsaidia. Neno hilo lilikwenda naye nyumbani, likakaa naye jikoni, likala naye.

Siku ya tatu yake alikwenda kukata makuti ya ukindu kule mikinduni, ng'ambo ya mto. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi ile na ardhi ilikuwa laini. Alivyosimulia mwenyewe baadaye, hakwenda na nia yoyote mbaya. Lakini akiwa anarudi aliiona kanga ya Raheli imeanikwa kwenye kichaka karibu na mwamba, akajua mwenzake yuko huko tena amelala juu ya mchanga wake, na mguu wake wenyewe ukaanza kukimbia. Alifika kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mhina, akihema kweli, akamwambia ameona nyayo za chui mikinduni.

Mzee Mhina alimuuliza ukubwa wake. Mwantumu akakunjua kiganja, akaonyesha mpaka penye mkunjo wa vidole. Uwongo ule ulimtoka mwepesi, ukatoka na vipimo vyake.

Kengele ya kipande cha reli ikagongwa, watu wakakusanyika. Mzee Mhina alikuwa mtu wa tahadhari. Akaagiza mbuzi wafungwe mapema, watoto wasindikizwe, na mwanamke yeyote asivuke mto mpaka mnyama apatikane. Kuni zifuatwe kwa makundi, pamoja na mgambo. Macho ya Mwantumu yalimtafuta Raheli katikati ya watu, akamwona ameinamisha kichwa, akafurahi.

Hakufikiri kwamba mgambo ni mumewe. Isihaka aliichukua kazi ile kwa moyo wote. Chui alikuwa ameonwa na mkewe, basi alikuwa kama chui wake. Alizunguka pori siku nzima na panga na mkuki, akarudi miguu imechanika kwa miiba. Alitengeneza mitego minne ya waya za breki za baiskeli, tanzi lililofungwa kwenye mti uliopindwa, mnyama akigusa tu mti unafyatuka, na alimweleza Mwantumu kila mtego ulipo ili asije akajisahau akapita huko. Mwantumu alimpa uji na kumkanda miguu, na hakuweza kumtazama usoni.

Wengine nao wakaanza kumwona chui. Chausiku alimsikia akikohoa nyuma ya choo. Mbuzi wa Athuman aliyepotea akahesabiwa kuwa ameliwa, na alipopatikana kwa jirani yake ana afya tele, watu walisema chui amemtema. Zilikuwapo siku ambazo Mwantumu mwenyewe alipopita karibu na pori aliharakisha hatua.

Kazi ya Raheli ilidorora. Alifundisha, alisuka, alirudia nakshi zake za zamani, lakini kipya hakikuja. Alionekana kama mtu aliyefungiwa dirisha. Mwantumu alikaa karibu naye kikundini, akimpa singa, akimpa sindano, na kila jioni alihesabu kwamba hata leo hajatengeneza kitu. Ulikuwa utamu, ingawa ulimwachia uchungu mdomoni kama tunda la porini.

Mwezi wa sita ulipoingia, ukindu wake ukaisha. Wanawake wengine wangengoja msindikizaji. Yeye alijua hakuna chui. Akajipenyeza asubuhi, akavuka mto peke yake, akikwepa mitego aliyotajiwa.

Alikuwa ameshakata mzigo wake aliposikia sauti. Haikuwa ya kupiga yowe. Ilisema kwa utaratibu, kama mtu anayebisha hodi, "Kuna mtu hapo?"

Raheli alikuwa amepiga magoti karibu na ule mwamba. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevutwa juu, tanzi la waya limembana kwenye shina la kidole gumba, na damu ilikuwa imeshuka mpaka kwenye kiwiko ikaanza kukauka. Alikuwa ameingiza mkono majanini kushika kitu, mti ukafyatuka. Hakumwona Mwantumu bado.

Na Mwantumu akasimama. Si kwa muda mrefu, labda kiasi cha kuhesabu mpaka tano. Aliutazama mkono ule ukining'inia, na kitu ndani yake kikasema: basi, imekwisha. Kisha akatupa mzigo na kukimbia. Aliukumbatia mti ule kwa uzito wake wote akaushusha mpaka waya ukalegea, akaulegeza kwa vidole na kwa meno, akachana pindo la kanga yake akafunga jeraha. Fundo lilikuwa zuri.

Walipokaa chini kupata nguvu, akamuuliza, kwa kuwa alihitaji kusema kitu, "Wewe hukumwogopa chui?"

Raheli alikuwa amefumba macho. "Nilikuwa huku siku ile uliyopiga mbio, mama. Nilipita mikinduni baada yako, ardhi ikiwa bado mbichi. Kulikuwa na nyayo za kanga, na za digidigi, na za kwako. Za chui hazikuwepo."

Mwantumu alilikaza tena fundo la jeraha. Baadaye akasema, "Na ukakaa kimya siku zote hizi."

"Ningesema nini? Mimi ni mgeni hapa."

Mwanamke aliyeweza kuona ndege katika vidoa na jongoo katika uzi, angewezaje kushindwa kuona kwamba hapakuwa na kitu? Mwantumu hakuwa amelifikiria hilo hata mara moja. Alimbebea mzigo wake pamoja na wa kwake mwenyewe, akamshika kiuno, wakatembea polepole hadi kijijini.

Lori la mahindi lilimpeleka Raheli hospitali Handeni. Walimshona, wakamrudisha baada ya siku sita. Kidonda kingepona, walisema, lakini kano ilikatika na kidole gumba hakitakunjika tena.

Siku hizo sita zilitosha. Mwantumu alingoja Kaleb aje mlangoni kwake na maneno, na Kaleb hakuja. Alikuwa akipiga randa madawati kama kawaida na kumpa shikamoo. Siku ya saba akaenda mwenyewe kwa Mzee Mhina, akasema. Mzee Mhina alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia aliyoyasema kwake ayaseme mbele ya watu, maana kengele iligongwa kwa ajili ya watu. Basi akayasema, amesimama, Chausiku akitazama chini. Alivuliwa uongozi wa kikundi na kupewa palizi ya shamba la kijiji la pamba, sehemu ya watu watatu aipalilie peke yake.

Hayo aliyaweza. Lililomshinda ni Isihaka. Alikwenda siku hiyohiyo akaitegua mitego yake yote, akazikunja waya na kuzitundika ukutani, na kwa mwezi mzima hakumwambia mkewe neno ila la lazima. Watoto walizoea kumwita bwana chui.

Sabasaba ilikuwa imebaki majuma matatu. Hesabu ya vitu haikutimia, na mkoba mkubwa wa duara zilezile, ambao Raheli aliuanza kwa ajili ya maonyesho, ulikuwa umefika nusu. Wanawake walijaribu kuuendeleza, duara zikalala bapa kama chapati. Jioni moja Raheli akaja kwa Mwantumu, mkono umefungwa shingoni kwa kitambaa, mkoba chini ya kwapa.

"Shikamoo, Mama Tatu."

"Marahaba."

"Mikono ya kuimaliza kazi hii hapa kijijini ni ya kwako tu."

Mwantumu alitaka kukataa. Kuwa mikono ya mtu mwingine! Hata baada ya yote yale, damu na mkutano na palizi, wivu ulimnyanyukia palepale, mbichi kabisa, akaushangaa. Lakini alikunjua mkeka, wakakaa.

Alisuka, naye Raheli akitazama. Duara zake nazo zikalala. Akafumua, akasuka, zikalala. Siku ya pili Raheli akamwambia mtu hawezi kusuka asichokiona, akamchukua mpaka kule mwambani, wakalala kifudifudi wote wawili, mmoja mrefu mkavu na mmoja kijana, kwenye mchanga mkavu.

Mwantumu alisema anaona vishimo.

"Usitazame shimo," Raheli akasema. "Tazama ukingo."

Wakangoja. Jua lilisogea, likaingia chini ya mwamba kwa pembeni, na kila kishimo kikajaa kivuli upande mmoja. Sisimizi mmoja akafika ukingoni. Mguu ukateleza. Mchanga ukaanza kuporomoka, chembe kwa chembe, si wote, upande mmoja tu, na kadiri sisimizi alivyopanda ndivyo ukingo ule ulivyoshuka naye, na kutoka chini mdudu asiyeonekana akamrushia mchanga zaidi. Mwantumu akagundua kwamba duara hazikuwa sawa. Kila moja ilikuwa imeegemea chini kidogo, inataka kuanguka. Ndiyo maana mkoba ulizama.

Alitazama mpaka shingo ikauma. Hakusikia furaha, si mwanzoni. Alichosikia ni uchungu wa miaka arobaini. Alipita juu ya vitu hivi tangu utoto, na huyu binti alikuwa akivitazama siku zote, peke yake, bure. Akalia kidogo. Raheli aliendelea kutazama mchanga.

Mkoba uliisha siku mbili kabla ya safari.

Korogwe ilifurika watu. Meza ya Kwedigogo iliwekwa karibu na ya wakulima wa maboga, na juu yake kadi iliyoandikwa jina la kijiji na la kikundi, basi. Hapakuwa na jina la mtu. Mgeni mmoja mwenye suti ya kola fupi aliuinua ule mkoba akauliza umetengenezwa na nani. Bi Agripina akamwonyesha Raheli. Raheli akainua mkono wake uliofungwa, akasema mikono ni ya huyu. Yule mgeni akamshika Mwantumu mkono kwa nguvu na kumpongeza. Mwantumu alifungua kinywa kusema zaidi, alikuwa na mengi, lakini mgeni alikuwa ameshageukia boga lililotoshana na mtoto wa miaka miwili.

Mwezi wa nane madawati yalikamilika, Kaleb na mkewe wakarudi Mazinde. Mwantumu aliwasindikiza hadi Mkata kwenye basi, akambebea Raheli mzigo kichwani. Njiani alimwambia kuhusu kule kusimama kwake siku ya mtego, kuhesabu mpaka tano. Hakuwa amelisema mkutanoni. Raheli akasema ni afadhali ameambiwa, na wakaendelea hadi kituoni. Hawakuagana kama dada. Walipeana mikono, ya kushoto.

Mwantumu alipata nakshi ya saba mwaka uliofuata, kiangazi, kwenye tope la mtoni lililokauka likapasuka. Ya nane aliipata kwenye mgongo wa kenge. Wanawake walimuuliza anazitoa wapi, naye, Mungu amsamehe, hakuwaambia upesi.

Kisha siku moja kondakta wa basi la Korogwe alishusha kifurushi Mkata, kikafika Kwedigogo kwa baiskeli. Ndani mlikuwa na mkanda wa singa. Umesukwa kwa mkono wa kushoto, hilo lilikuwa wazi. Pindo zilikwenda upande na mafundo yalikuwa makubwa. Lakini katikati ulipita mstari wa kijani uliofifia na kukolea, kufifia na kukolea, ukiruka mahali fulani kama pumzi iliyokatika. Kilikuwa ni kitu hai. Mwantumu hakukijua.

Alikaa nao siku mbili. Aliugeuza, akauanika juani, akauweka kivulini. Kifua kilimwaka kwa ule moto wa zamani, ule wa arusi ya binti wa Athuman. Isihaka, ambaye siku hizo walikuwa wakizungumza tena, alimuuliza kama ni mgonjwa. Akamwambia hapana, ila kuna mdudu au jani ambalo Raheli ameliona huko Mazinde, na pengine liko na huku, na yeye hajaliona. Siku ya tatu alijifunga kanga, akatia kiporo cha muhogo mkobani, akavuka mto kwenda kulitafuta.